Vali Haipimwi kwa Upana wa Mdomo

Upepo uliobanwa ni mtumishi aliyeenea katika nchi ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa kuliko wengi wetu tunavyotambua. Ndio unaoshika breki za malori yachukuayo makaa ya mawe kutoka Ngaka kwenda viwanda vya mbali. Ndio ufunguao na kufunga milango ya mitambo penye kukobolewa na kupangwa kahawa ya Umatengo. Ndio ujazao matairi na kurushia rangi katika karakana za Mbinga mjini, Kigonsera, Mbamba Bay na Liuli. Na baina ya kompresa inayouzalisha upepo huo na silinda inayoutumia, hapana budi pawe na vali, chombo kidogo chenye amri kubwa, ambacho kikichaguliwa vibaya huufanya mtambo mzima uonekane mgonjwa ilhali kila kiungo chake kingine ni kizima.

Muradi wangu katika makala haya ni kuwausia mafundi, wasimamizi wa mitambo, na viongozi wa vyama vya ushirika wenye mamlaka ya kununua vipuri, juu ya jambo moja ambalo katika karakana zetu halijapewa haki yake: kwamba vali haichaguliwi kwa upana wa mdomo wake, wala kwa bei, wala kwa umaarufu wa chapa iliyoandikwa ubavuni, bali kwa kiasi cha upepo inachoweza kupitisha kati ya presha iliyoko upande wa kuingilia na presha iliyoko upande wa kutokea. Hesabu yake si ngumu. Mtu aliyemaliza shule ya sekondari anaiweza, na fundi aliyekwisha shika spana kwa miaka mingi ataielewa kwa wepesi zaidi kuliko mwalimu wake, kwa kuwa mambo yanayohesabiwa amekwisha kuyasikia kwa masikio na kuyagusa kwa mikono.

Desturi iliyopo ni hii. Vali ya mtambo ikifa, fundi huifungua, huitia mfukoni, hupanda basi mpaka Songea au humwagiza mtu Dar es Salaam, na mbele ya muuza duka hutaja kitu kimoja tu: robo inchi, au nusu inchi, yaani kipimo cha uzi unaoshika kiungio cha bomba. Akiondoka na vali yenye uzi ule ule huona amepata mfano wa ile ya kwanza. Lakini uzi ni mlango wa nje tu, na upepo hauzuiliwi na mlango wa nje. Huzuiliwa na mahali pembamba kuliko pote ndani ya chombo, aghalabu pale penye mifereji inayozunguka ile pini itelezayo, ambapo njia hupinda mara mbili au tatu na kusongwa. Vali mbili zenye uzi sawasawa huweza kutofautiana katika upitishaji wa upepo maradufu, na muuza duka asiyeulizwa hana sababu ya kueleza.

Kabla ya hesabu, yafaa tukubaliane juu ya presha. Geji iliyofungwa juu ya tanki haisomi presha yote ya upepo uliomo, bali husoma ziada iliyo juu ya hewa inayotuzunguka. Geji ikisema bar 6, presha kamili ni ile 6 pamoja na presha ya hewa ya mahali pale, ambayo kwa Dar es Salaam ni karibu bar 1. Hesabu zote za mtiririko wa upepo hufanywa kwa presha kamili, na anayezifanya kwa namba za geji atakosea katika kila hatua, hata kama kuzidisha na kugawanya kwake ni kwa usahihi mtupu.

Jambo la pili la kukubaliana ni kwamba presha ya mapumziko si presha ya kazi. Simama karibu na silinda inayofunga mlango wa bini la kahawa, ukiwa umefunga geji ndogo kwenye kiungio cha njia tatu hapo hapo penye silinda. Wakati mlango umetulia, mshale utasimama kwenye 6, sawa na geji ya tanki, na mtu asiye na uzoefu atasema hapana kasoro. Amri ikitolewa, na pistoni ya silinda ikianza kusogea, tazama mshale: utaanguka mpaka 5, au 4, au chini zaidi, ubaki huko huko mpaka mwendo uishe, kisha upande tena pole pole. Anguko lile ndilo bei ya mtiririko. Upepo hauendi popote bila tofauti ya presha, na vali finyu hudai tofauti kubwa ili ipitishe kiasi kile kile ambacho vali pana hukipitisha kwa tofauti ndogo. Kwa hiyo fundi asomaye geji katika mapumziko tu hajausoma mtambo wake.

Sasa tuingie katika tabia ya upepo wenyewe, ambayo haifanani na ya maji. Maji ukiyaongezea tofauti ya presha huongeza mtiririko, na ukizidi kuongeza yatazidi. Upepo hufanya hivyo mpaka mahali fulani, kisha hukoma. Mwaka 1839 Wafaransa wawili, Barré de Saint-Venant na Wantzel, walionyesha kwamba upepo ukitoka chomboni kupitia tundu, na presha ya upande wa kutokea ikiendelea kuteremshwa, hufika kikomo ambacho baada yake mtiririko hauongezeki tena hata presha ya mbele ikiondolewa yote. Katika tundu lililochongwa vizuri kikomo hicho hufika pale presha kamili ya kutokea inapokuwa kidogo zaidi ya nusu ya presha kamili ya kuingilia, au kwa namba, 0.528 yake. Sababu yake ni ya kupendeza. Habari kwamba presha imeshuka mbele husafiri ndani ya upepo kwa mwendo wa sauti. Upepo wenyewe unapofikia mwendo huo katika koo la vali, habari haiwezi tena kurudi nyuma kuupita, na upande wa kuingilia haujui wala haujali yanayotukia upande wa pili. Hapo twasema mtiririko umekabwa.

Katika vali za viwandani, zenye pembe na mapindi, kikomo hicho huwa chini ya 0.528, nyingi zina kikomo kati ya 0.2 na 0.5. Mwaka 1971 F. E. Sanville alipendekeza njia ya kuieleza vali yoyote kwa namba mbili tu, na pendekezo lake ndilo lililokuja kuwa msingi wa kanuni ya kimataifa ya ISO 6358, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Namba ya kwanza huandikwa C, nayo ni lita ngapi za upepo huru, yaani usiobanwa, vali hupitisha kwa sekunde kwa kila bar moja ya presha kamili ya kuingilia, mtiririko ukiwa umekabwa. Ya pili huandikwa b, nayo ndiyo uwiano wa kikomo niliousema. Mwenye C na b ana vali yote mkononi.

Chukua mfano wa vali yenye C ya 4 na b ya 0.3, ikilishwa presha kamili ya bar 7. Ikimwaga upepo nje huru, mtiririko umekabwa, na hesabu ni kuzidisha 4 kwa 7: lita 28 kwa sekunde. Usipokabwa, gawanya presha ya kutokea kwa ya kuingilia, utoe b, kilichobaki ukigawanye kwa moja kasoro b, jibu ulizidishe kwa lenyewe, ulitoe katika moja, utafute kipeuo cha pili, na hicho ndicho uzidishie zile 28. Presha ya kutokea ikiwa bar 6, utapata lita 17 kwa sekunde. Ikiwa bar 6.5, utapata lita 12 na kidogo. Lakini ikiwa bar 3, tayari ni lita 27 na nusu, na kuishusha toka 3 mpaka 2 kutakuongezea nusu lita tu. Yatazame mambo mawili hapa: karibu na mwisho wa mwendo, presha za pande mbili zinapokaribiana, vali hudhoofika upesi sana, na karibu na kikomo, jitihada zote za kuteremsha presha ya mbele ni kazi bure. Mwenye kutaka upepo zaidi baada ya kikomo ana njia mbili tu, kuongeza presha ya kuingilia au kununua vali yenye C kubwa zaidi.

Si kila kitabu cha bei kitakupa C na b. Vingine hutaja Kv, ambayo ni mita za ujazo za maji kwa saa kwa tofauti ya bar 1. Vingine hutaja Cv ya Wamarekani, ambayo hupimwa kwa galoni za maji kwa dakika kwa tofauti ya ratili moja juu ya inchi ya mraba, na Cv ya vali ile ile huwa kubwa kuliko Kv yake kwa kadiri ya 1.16. Vingine hutaja lita za upepo kwa dakika, kuingilia kukiwa na bar 6 za geji na kutokea bar 5. Kwa makisio ya karakana, Cv ya 1 ni karibu lita 1,000 kwa dakika kwa kipimo hicho, na ni karibu C ya 4. Lakini jihadhari na muuzaji atajaye lita kwa dakika bila kusema ni kwa presha zipi. Namba ya vali ikimwaga nje huru hupendeza macho, na ile ya kazi yenyewe huweza kuwa pungufu yake kwa theluthi na zaidi, kama mfano wetu wa 28 na 17 ulivyoonyesha.

Tuutumie basi ule mlango wa bini la kahawa. Silinda ina kipenyo cha milimita 100 na mwendo wa milimita 400. Ndani yake mna nafasi ya lita 3.14. Kuijaza mpaka bar 6 za geji, yaani kama 7 kamili, kwahitaji upepo huru wa lita 22. Ikiwa mlango lazima ufunge kwa sekunde moja, kwa sababu mizani iliyoko chini inapima gunia na kahawa inayozidi ni hasara ya mtu, basi vali inatakiwa ipitishe lita 22 kwa sekunde huku ikipoteza bar 1 tu, na hesabu iliyotangulia itakuonyesha kwamba C yake isiwe chini ya 5.2. Vali ya C 4 itafunga mlango kwa sekunde moja na theluthi. Vali ya C 2, ambayo huenda ina uzi ule ule wa robo inchi, itachukua zaidi ya sekunde mbili na nusu, na gunia halitakuwa sawa hata msimu uishe, na msimamizi ataishia kumlaumu mpimaji asiye na hatia.

Wala vali haiko peke yake njiani. Kuna mpira wa upepo, kuna viungio vyenye kona, kuna skrubu ya kupunguza mwendo, kuna sailensa penye mlango wa kutolea. Viungo viwili vyenye uwezo sawa vikifuatana, uwezo wa pamoja hupungua kwa robo hivi, na mara nyingi zaidi. Kwa hiyo fundi aliyenunua vali nzuri, kisha akaiunganisha na silinda kwa mpira mwembamba wenye urefu wa mita nane kwa kuwa ndio uliokuwepo stoo, amejinyima mwenyewe alichokilipia. Vali na ikae karibu na silinda kadiri nafasi inavyoruhusu.

Nitakawia kidogo juu ya mlango wa kutolea, kwa kuwa huo ndio unaosahauliwa kuliko yote. Silinda haisogei mpaka upepo uliokuwa upande wa pili utoke, na utokapo hupita katika vali ile ile, kwa mlango mwingine, mpaka kwenye sailensa. Mahali penye vumbi la makaa, na vumbi la makaa ni laini na hushikana na mafuta, sailensa huziba kidogo kidogo, siku hata siku, na mwendo wa silinda hupungua kwa taratibu kiasi kwamba hapana mtu anayeona mabadiliko. Kisha siku moja mtu husema vali imekufa. Kabla ya kununua nyingine, fungua sailensa, ujaribu mtambo kwa muda mfupi bila hiyo, ukiwa umevaa miwani na kuziba masikio. Mwendo ukirudi, umepata jibu kwa bei ya kuosha kipande cha shaba. Na ukitaka kupunguza mwendo wa silinda, ukabe upepo unaotoka, usikabe unaoingia; ukikaba unaoingia, silinda yenye mzigo hushtuka na kusita, husimama na kuruka, ilhali ukikaba unaotoka huwa na mto wa upepo mbele yake unaoitiisha mwendo mzima.

Nchi yenyewe nayo ina sehemu yake katika hesabu hii. Mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 470. Hewa ya Mbinga ina presha ya bar 0.86 hivi, ya Mbamba Bay bar 0.96. Watu husikia hayo wakadhani vali hufanya kazi vibaya mlimani. Sivyo: geji ikisoma 6, presha kamili ya Mbinga ni 6.86 na ya Mbamba Bay ni 6.96, na tofauti hiyo kwa vali ni ndogo isiyo na maana. Anayeumia ni kompresa. Pistoni yake huvuta ujazo ule ule kila mzunguko, lakini hewa iliyomo katika ujazo huo mlimani ni nyepesi, hata kompresa moja hutoa Mbinga upepo pungufu karibu kwa sehemu moja ya kumi ya ule ambao ingetoa ufukweni, ingawa ubaridi wa milimani hurudisha kidogo cha upungufu huo. Kwa hiyo mtambo uliohamishwa kutoka ziwani kwenda mlimani ukaanza kusuasua mchana wakati mashine zote zinafanya kazi, usiishuku vali kwanza. Tazama kama tanki linashuka presha. Vali finyu huangusha presha kwenye silinda huku tanki limesimama imara. Kompresa dhaifu huangusha vyote viwili.

Ufukweni mna adha nyingine. Hewa ya Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ni ya joto na imebeba unyevu, na unyevu huo, upepo ukisha banwa na kupoa ndani ya mabomba, hugeuka maji. Maji huosha mafuta ya pini, huvimbisha mipira, na hubeba kutu mpaka katika mifereji ile myembamba inayoamua C ya vali yako. Vali iliyokuwa na C ya 4 dukani haibaki nayo ikiwa mna kutu ndani. Toa maji ya tanki kila siku kabla ya kuanza kazi, na bomba la kugawia upepo lichipuke juu ya bomba kuu, si chini yake.

Sasa breki. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869 kwa ajili ya treni, na tatizo lililokabili treni ndilo linalokabili lori lenye tela hapa kwetu: magurudumu ya nyuma yako mbali na mguu wa dereva, na upepo huchelewa njiani. Dawa yake ni vali ya kupokezana, ifungwayo karibu na ekseli. Kanyagio halipeleki huko upepo wa kazi, bali hupeleka ishara tu kwa mpira mwembamba. Vali ya kupokezana ikisha ipokea hufungua njia pana kutoka tanki lililo jirani na kujaza vyumba vya breki mara moja. Ikiwekwa badala yake vali yenye mdomo sawa na uwezo mdogo, breki za nyuma hukamata baada ya za mbele, na tela lenye tani nyingi za makaa humsukuma dereva mgongoni. Kuna na hatari ya pili, iliyojificha zaidi: vali hiyo hiyo ndiyo itoayo upepo dereva akiachia, na ikiwa mlango wake wa kutolea ni finyu au umeziba kwa tope, breki huendelea kubana baada ya mguu kuondoka. Kwenye barabara ya tambarare hilo ni upotevu wa mafuta. Kwenye mteremko wa takriban kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, unaoshuka zaidi ya mita 800, ni ngoma za breki zinazopata moto mpaka zisishike tena. Sikubali kabisa neno la kwamba vali ya kupokezana ya lori inaweza kubadilishwa na yoyote inayoingia kwenye uzi. Hapo hapatakiwi makisio, patakiwa namba ya mtengenezaji wa gari.

Juu ya mashine zichaguazo punje za kahawa kwa rangi nitasema machache. Vali zake ni ndogo sana, hufunguka na kufunga kwa sehemu ndogo mno ya sekunde ili kupuliza punje moja mbovu kutoka katika mteremko wa punje nzima, na kwazo wakati wa kufunguka ni muhimu kama C yenyewe. Presha ikiyumba kwa kuwa mtambo mwingine wa jirani umevuta upepo mwingi, pigo la upepo hudhoofika na punje mbovu hupita. Zipewe tanki dogo lake karibu. Na upepo unaogusa kahawa usitiwe mafuta hata tone.

Ziko pia vali za kuongoza, ambazo hazifungui na kufunga tu bali hukaa katikati, zikisukumwa na upepo wa ishara ambao kwa desturi huanzia bar 0.2 mpaka 1.0. Hizi zina silika tatu. Yenye silika ya mstari, ikifunguka nusu hupitisha nusu. Yenye silika ya asilimia sawa, ikifunguka nusu huweza kupitisha sehemu 14 tu katika mia, kwa kuwa kila hatua huongeza mtiririko kwa kadiri ya mtiririko uliokuwepo. Yenye kufunguka upesi, ikifika nusu hupitisha zaidi ya sehemu 70. Penye tanuri la kukaushia, au popote ambapo bomba lenyewe hula sehemu kubwa ya presha vali ikifunguka sana, chagua ya asilimia sawa. Bomba na vali vitarekebishana, na mwendo wa jumla utakaribia mstari. Ya kufunguka upesi iachiwe kazi ya kufungua na kufunga.

Wengi watauliza: nami nifanyeje na vali niliyonayo, isiyo na kitabu wala chapa? Ipime mwenyewe. Tafuta tanki la upepo ambalo ujazo wake unajulikana kwa lita, lijaze mpaka bar 6 za geji, uzime kompresa, uache litulie mpaka lipoe. Funga vali kwenye tanki kwa mpira mfupi na mnene, uikaze kwenye meza ya kazi, mdomo wake wa kutokea uelekezwe ukutani wala si kwa mtu. Vaa miwani, ziba masikio, fungua vali, na papo hapo mwenzako aanze kuhesabu kwa saa. Isome saa mshale ukifika 2.5, yaani presha kamili ikiwa imeshuka nusu ya ilivyokuwa. Kisha zidisha lita za tanki kwa 0.7, ugawanye kwa sekunde ulizozipata. Jibu ni C. Tanki la lita 100 likichukua sekunde 17, vali ina C ya 4 na nukta ndogo.

Hesabu hii ni makisio. Upepo unaotoka kwa haraka hupoa ndani ya tanki, na ubaridi huo huangusha presha kabla ya wakati wake, hata vali ikaonekana bora kidogo kuliko ilivyo. Tanki dogo na vali kubwa huzidisha kosa hilo. Lakini kwa kulinganisha vali mbili juu ya tanki moja siku moja, vali kuukuu na mpya, au ya bei kubwa na ya bei ndogo, jaribio hili ni la insafu kabisa, na halihitaji chombo ambacho karakana ya Mbinga haina. Na tanki hilo hilo lina faida ya pili. Funga milango yote, uliache limejaa usiku kucha, utazame asubuhi limeshuka kiasi gani. Tundu la milimita 1 kwenye bomba la bar 6 hupoteza karibu lita moja ya upepo huru kila sekunde, usiku na mchana. La milimita 3 hupoteza mara tisa ya hiyo. Kompresa iliyonunuliwa kwa fedha za wakulima hufanya kazi ya kulisha matundu hayo.

Basi ombi langu kwenu, wenye kutia saini karatasi za manunuzi, ni hili: msipokee tena bei ya vali iliyoandikwa kwa inchi peke yake. Mwambieni muuzaji aandike C na b, au Cv, au lita kwa dakika pamoja na presha mbili zilizotumika kupimia, na akishindwa kuandika, nendeni kwa mwingine. Na mafundi, andikeni namba hizo kwa rangi isiyofutika ubavuni mwa kila vali mnayoifunga, pamoja na tarehe, ili atakayekuja baada yenu ajue anachokitafuta dukani.